Vyumba vinne vya ami na jopokazi la Nairobi

Ami yangu ana nyumba ya wageni Mkomani, hapa Lamu: vyumba vinne, kiwanda kimoja (ua wa ndani), na paa la makuti. Juzi alinipigia simu akiwa amefura. Ameambiwa lazima ajisajili na Ofisi ya Kamishna wa Data kwa kuwa anaweka taarifa binafsi za wageni, ilhali kijana anayewachukua wageni wake gatini na kuwatembeza hadi Shela hajaulizwa kitu.

"Sheria gani hii," akaniuliza, "inayonijua mimi na isimjue yeye?"

Riziki yangu ni kushauri watu juu ya ulinzi wa data, na swali la ami ni zuri kuliko mengi ninayoulizwa na mawakili. Ukiifungua Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 hutaona gesti wala mwongoza watalii. Kifungu cha 18 kinampa Kamishna kazi ya kuweka viwango vya nani lazima asajiliwe, kwa kuangalia aina ya shughuli, wingi wa data na kama data yenyewe ni nyeti. Basi. Lililomfika ami limo kwenye kanuni za 2021 zilizotungwa chini ya sheria hiyo. Kanuni hizo zinamsamehe usajili mwenye mapato yasiyofika shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10, ila msamaha huo haumhusu aliye kwenye orodha fulani: hospitali, shule, kamari, fedha, uuzaji wa ardhi, kamera za usalama na kadhalika. Humo wametajwa pia wanaopokea wageni, kisha maneno machache yakaongezwa kuwatoa waongoza watalii. Kijana akapita kwenye tundu hilo. (Kilichomwacha ni usajili tu. Akipiga picha pasipoti ya mgeni kwa simu yake, wajibu wa kuitunza anao kama ami.)

Nani aliyeketi akaandika hivyo? Wabunge hawakuwa wao. Mwanzoni mwa 2021 waziri aliunda jopokazi, mwenyekiti wake akiwa Kamishna wa kwanza, Immaculate Kassait, litayarishe kanuni. Jopokazi halipitishi chochote. Linapendekeza, linasikiliza maoni, linarekebisha, kisha waziri anatia sahihi na Bunge linapelekewa. Lakini nimeona mara nyingi kwamba rasimu ya kwanza ikishaandikwa, mjadala wote unaofuata huzungukia maneno yake. Mtu huomba neno liondolewe au lilainishwe. Ni nadra mtu kuja na sentensi mpya kabisa.

Mfano ninaoupenda hauko hata Kenya. Umoja wa Ulaya, katika sheria yake ya 1995, uliunda kundi la wasimamizi wa data wa nchi wanachama na kulipa kazi ya kushauri tu. Mwaka 2007 kundi hilo lilitoa waraka juu ya swali moja: data binafsi ni nini? Likaichukua tafsiri ya kisheria na kuichambua vipande vinne: taarifa yoyote, inayomhusu, mtu aliyetambulika au anayeweza kutambulika, aliye binadamu. Mwaka 2018 kundi likavunjwa, ikaja bodi ambayo wasimamizi wakizozana inaweza kutoa uamuzi unaowafunga. Waraka ule haukufa. Kifungu cha 2 cha sheria yetu kinatumia maneno yale yale karibu yote, nami nikikwama hurudi kwenye ule uchambuzi, ingawa Kenya hauna nguvu ya sheria hata chembe.

Na "anayeweza kutambulika" hapa Amu, yaani Lamu, ni pana kama bahari. Mjini kwetu ukiandika "nahodha mwenye jahazi la tanga jipya, amerudi juzi kutoka Kiunga", hukutaja jina wala nambari ya kitambulisho, na mtaa mzima wa Langoni umeshajua ni nani. Mshauri aliyezoea miji ya watu milioni hawezi kulifikiria hilo asipoambiwa.

Hapa ndipo ninapogombana na wenzangu wanaodhani kutoa maoni ni kupoteza wakati. Watu wa Lamu hawahitaji kufunzwa na mimi kushirikishwa ni nini. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua wavuvi walioathiriwa na ujenzi wa bandari ya Lamu walipwe shilingi bilioni 1.76, na mwaka 2019 leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliopangwa kujengwa Lamu ikafutwa. Katika kesi zote mbili, wananchi kutoshirikishwa ipasavyo lilikuwa suala kubwa. Lakini bandari unaiona kwa macho. Kanuni ya data huja kama faili la kurasa nyingi, mara nyingi kwa Kiingereza, na siku chache za kujibu. Mwenye gesti atalisoma saa ngapi, naye ana wageni wa jioni wa kuwapokea Mokowe?

Ami alisema hajawahi kusikia jopokazi hilo. Nikamwambia kanuni hubadilishwa, na barua ya ukurasa mmoja inayoeleza nyumba ya vyumba vinne inavyoendeshwa ni kitu nisichowahi kukiona kwenye mafaili ya maoni. Akaniambia nikaiandike mimi, yeye atatia sahihi.

Tulianza na fomu ya usajili. Tulipofika kwenye idadi ya wafanyakazi, ami akatua kalamu akaniuliza kama mkewe anahesabiwa.