Mgongo hauzoei: dhana potofu za madereva wa foklifti

"Mwanzoni utauma, baadaye utazoea." Maneno haya kuhusu mgongo nimeyasikia kwa wasimamizi na kwa madereva wenyewe mpaka nimechoka kuyajibu kwa upole. Mgongo hauzoei. Unachozoea ni kunyamaza.

Foklifti nyingi, hizi mashine za kuinulia mizigo ghalani, hazina springi wala shokomzoba kwenye magurudumu, na nyingine tairi zake ni mpira mtupu usio na upepo. Kila ufa wa sakafu unapanda moja kwa moja hadi kwenye kiti, na kiti ndicho kinga pekee uliyo nayo. Umoja wa Ulaya uliweka viwango tangu 2002: wastani wa mtetemo wa mwili kwa zamu ya saa 8 ukipita 0.5 m/s², mwajiri lazima achukue hatua, 1.15 ndio mwisho.

"Lakini kiti cha springi tunacho." Mnacho, ila kirungu cha uzito, kile cha kurekebisha springi ilingane na kilo za dereva, hakuna anayekigusa! Juzi nimeitwa kubadilisha kiti "kilichokufa". Springi ilikuwa nzima. Kipimo kilisoma kilo 60, na dereva ana zaidi ya 90, kwa hiyo kiti kilishinda chini kabisa, na kile kipande cha mpira cha kuzuia kilikuwa kimepondeka bapa kama chapati. Kila tuta lilikuwa nyundo. Nikazungusha kirungu mpaka akaketi katikati ya mwendo wa kiti. Kazi ya dakika moja. Mwenzake wa usiku ni mwembamba: akikikuta hivyo kilivyo, hakitashuka hata kidogo, sawa na kukalia benchi. Ndiyo maana nasisitiza kirekebishwe kila zamu, kabla ya kuwasha mashine.

Na mto wa kuongezea juu ya kiti? Utoe. Sponji laini inaweza kuukuza mtetemo wa polepole badala ya kuumeza, tena inakupandisha mpaka magoti yanabana chini ya usukani.

"Ikianza kupinduka, ruka." Hapana. Unaangukia upande uleule inakoangukia mashine, na paa la kinga linakukuta chini. Mkanda ukiwa umefungwa, shika usukani kwa nguvu, kaza miguu, egemea upande wa pili. Foklifti ambazo dereva huendesha akiwa amesimama, zilizo wazi nyuma, ndizo tofauti. Hizo unashuka kwa kurudi nyuma.

Swichi ya kiti, ile inayozuia mashine kwenda dereva asipokuwa ameketi, ikiwa imefungwa waya isifanye kazi "kwa sababu inasumbua": mimi siiwashi mashine hiyo, na mwenye ghala akinuna, anune.

Kuhusu kushuka: uso uelekee mashine, mkono usiachie mpaka mguu wa pili ukanyage. Anayeruka kutoka kwenye ngazi mara 50 kwa siku ndiye huniambia jioni kwamba kiti ndicho kinachomuumiza goti.