Bikoni ya Mwambani Haina Zebaki, Inapima Mwendo wa Bara

Kila msimu wa vipimo, katika vilima vinavyozunguka Mbeya, hukutwa bikoni, yaani alama za chuma za upimaji, zilizong'olewa au kupigwa nyundo. Sababu inayotajwa ni ileile: eti ndani kuna zebaki, au Mjerumani alifukia rupia chini yake. Hakuna zebaki, hakuna rupia. Ni pini ya chuma kisichoshika kutu, imeingizwa kwenye tundu la keekee ndani ya mwamba na kushikizwa kwa gundi ya epoksi.

Mbeya ipo mahali mabonde matatu ya ufa yanapokutana: Rukwa, Nyasa na Usangu. Hapo ardhi inatanuka, na bamba la Nubia, kipande kikubwa cha gamba la dunia kinachobeba sehemu kubwa ya Afrika, linaachana na vibamba vya mashariki, kikiwamo cha Rovuma, kwa milimita chache tu kwa mwaka. Mpimaji huweka antena juu ya pini kwa tripodi, huisawazisha kwa pimamaji, huandika urefu wa antena mwanzo na mwisho wa kazi, kisha kipokezi hurekodi mawimbi ya setilaiti mchana na usiku kwa siku kadhaa. Hurudi miaka inayofuata kwenye pini ileile, ikiwezekana mwezi uleule, kwa kuwa uzito wa maji ya masika huishusha ardhi kwa milimita kadhaa na kiangazi ikapanda tena. Vipimo visipofika walau miaka miwili na nusu, mwendo wa bamba ni vigumu kuutenga na huo wa maji. Sasa pigeni hesabu: mtu akifungia ng'ombe kwenye pini ikapinda sentimita 1, kosa hilo linameza mwendo wa miaka mitatu au zaidi. Sisi wapimaji tunaanza upya.

Wapo wanaouliza kwa nini tupime jambo ambalo vitabu vimeshalisema. Vitabu viliyasoma mawe. Mwanasayansi Mjerumani Alfred Wegener alipodai mwaka 1912 kwamba mabara yaliwahi kuungana, wenzake walimkatalia kwa kuwa hakuweza kueleza nguvu inayoyasukuma, ingawa ushahidi ulikuwepo. Majani ya Glossopteris, mmea wa kale uliokwisha kutoweka, yaliyogeuka visukuku yamo katika mashapo yenye makaa ya mawe ya kipindi cha Permi kusini mwa Afrika, India, Australia, Amerika Kusini na Antaktika, na mmea ule haukuwa na njia ya kuvuka bahari zote hizo. Mwaka 1963 wanajiolojia Fred Vine na Drummond Matthews walieleza michirizi ya sumaku kwenye sakafu ya bahari: lava mpya hutoka kwenye mgongo wa katikati, yaani safu ya milima chini ya bahari, hupoa ikiwa imeshika mwelekeo wa sumaku ya dunia wa wakati huo, kisha husukumwa pande zote mbili. Ndiyo maana sakafu ya Atlantiki haifikishi miaka milioni 200, ilhali miamba ya Tanzania ya kati imepita bilioni 2.5. Hayo yote ni ya kale. Mwendo wa leo hausomeki kwenye jani la kisukuku.

Na ufa unaofunguka shambani baada ya mvua kubwa si bara kupasuka. Majivu ya volkano ya Rungwe ni mepesi. Maji yakipita chini huyachimba, juu hubomoka. Bara halipasuki Jumanne moja. Hata hivyo matetemeko ni ya kweli: la Rukwa, Desemba 1910, lilikadiriwa kufikia kipimo cha 7.4.

Kuharibu alama ya upimaji ni kosa chini ya Sheria ya Upimaji Ardhi, Sura ya 324, na adhabu huamuliwa na mahakama. Mwenye pini shambani asilime karibu nayo, asiirundikie mawe wala asiifunike kwa zege. Akitaka ihamishwe, aandike barua kupitia ofisi ya mtendaji wa kijiji kwenda kwa mpima ardhi wa halmashauri, aambatishe picha na namba iliyogongwa kwenye kichwa cha pini. Asihamishe mwenyewe: pini mpya lazima ipimwe sambamba na ya zamani kabla ya kuondolewa, vinginevyo mfululizo wa takwimu unakatika.

Ukikuta imeng'oka, usiirudishe tunduni. Piga picha, toa taarifa ofisini, iache ilivyo. Pini iliyokosekana tunaijua. Iliyorudishwa kwa mkono itasomwa kama mwendo wa ardhi.