Kodi ya miezi ya kusi

Kila mjadala wa makazi Malindi huanza na swali lilelile: zijengwe nyumba ngapi? Kazi yangu ni mipango miji, na swali hilo limeanza kunichosha. Wapangaji wengi wa mitaa ya Maweni, Barani na Kisumu Ndogo hawatafuti nyumba ya kununua mwaka huu. Wanachotaka ni kulala Juni katika chumba kilekile walicholala Februari.

Anayeishi kwa utalii ananielewa. Kaskazi ikivuma, Waitaliano wapo, hoteli zina wageni, na hata muuza madafu anapata chake. Pasaka ikishapita, upepo wa kusi unaingia na mvua zake. Baadhi ya hoteli hufunga kabisa. Mpishi anaambiwa "tutakupigia", wa tuktuk anazunguka mjini bila abiria, na mvuvi mwenye chombo kidogo hatoki bahari ikichafuka. Mapato yanashuka, kodi iko palepale. Mwezi wa pili wa deni mwenye nyumba anatia kufuli lake juu ya lako, na mtoto anahamishwa shule muhula ukiwa katikati.

Sasa tazama sera zetu zinamfaa vipi mtu huyu. Sheria ya Kenya ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024 inamkata mwajiriwa asilimia 1.5 ya mshahara, na mwajiri anaongeza kiasi hichohicho. Ina kundi la nyumba za kijamii kwa wanaopata chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi, na ni jambo jema. Lakini mpango wote umejengwa juu ya umiliki: uweke akiba ya kuanzia, kisha ulipe kila mwezi kwa miaka mingi bila kukosa. Mpishi wetu anakatwa Februari akiwa kazini, na Mei hana cha kulipia hata chumba. Ile Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296, nayo inamlinda mpangaji wa nyumba ambayo kodi yake haizidi shilingi 2,500. Nenda Muyeye ukaulize chumba cha matofali chenye stima, uone kama utapewa kwa bei hiyo.

Kwingineko wamejaribu kumsaidia mpangaji moja kwa moja. Marekani, tangu 1974, ina vocha za kodi: familia inalipa kama asilimia 30 ya mapato yake na mamlaka ya nyumba ya mji inamlipa mwenye nyumba sehemu iliyobaki, baada ya nyumba kukaguliwa. Wazo ni zuri, ila fedha hazitoshi. Kwa jumla msaada wa kodi wa serikali kuu yao hufikia takriban familia moja kati ya nne zinazostahili, na zilizobaki hukaa kwenye foleni kwa miaka. Janga la korona lilipokuja, bunge lao lilitenga zaidi ya dola bilioni 46 za msaada wa dharura, na bado miji mingi ilichelewa kuzigawa kwa sababu haikuwa na daftari la wapangaji wala njia ya kuwalipa. Mji wenye daftari haungehitaji mabilioni hayo ili uanze.

Je, vocha hiyo tuilete Malindi kama ilivyo? Hapana, na sababu iko chini ya msingi wa nyumba zenyewe.

Chukua nyumba ya Kiswahili ya kawaida: ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, choo na kisima uwani. Kila chumba kina familia. Mwenye nyumba mara nyingi ni bibi mjane anayekaa chumba cha mbele na kupangisha vilivyobaki, usimfikirie tajiri. Naye pia ni mpangaji, kwa sababu kuta na paa ni vyake lakini kiwanja si chake. Kila mwezi anatoa kodi ya kiwanja kwa mwenye hatimiliki, ambaye pengine hajawahi kukanyaga mtaa huo. Mambo haya yana mizizi mirefu: sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka watu wa ukanda wa maili kumi wa pwani wasajili madai yao, na wengi, hasa Wamijikenda, wakaachwa nje. Hadi leo mwenye kiwanja anaweza kukataza ujenzi wa kudumu, ndiyo maana utakuta udongo na makuti hata pale ambapo pesa za matofali zipo. Benki nayo haimkopeshi bibi, maana hana hati ya kuweka rehani.

Mwaga ruzuku ya kodi hapo uone inakoelekea. Tuseme kaunti inamwongezea mpangaji shilingi 1,500. Mwenye nyumba atapandisha kodi, si kwa uroho, bali kwa kuwa paa linavuja. Mwenye kiwanja akisikia kodi imepanda, naye atapandisha yake. Mwisho wa mwaka hazina ya kaunti imemtajirisha mtu mwenye hati, na mpishi yuko palepale. Ukaguzi wa Kimarekani nao ungeangusha nusu ya nyumba za makuti siku ya kwanza, na kuwafukuza wale tuliotaka kuwasaidia.

Kwa hiyo ninachopendekeza ni kidogo na cha msimu: msaada wa miezi mitatu au minne tu, Aprili hadi Julai, kwa mpangaji aliyeandikishwa tangu msimu wa kaskazi. Unalipwa kwa simu, na sharti lake ni makubaliano ya maandishi kwamba kodi ya chumba na kodi ya kiwanja hazitapanda kwa miaka miwili. Mwenye kiwanja asiyetia sahihi, wapangaji wa kiwanja chake wanalipwa wenyewe mkononi, na jina lake linapelekwa kwenye meza ya mazungumzo ya kaunti kununua ardhi. Ukaguzi uwe wa vitu viwili: choo kinachofanya kazi na nyaya za stima zisizoweza kuchoma makuti. Kiwango hakina haja ya kufanana na cha vocha ya Kimarekani, maana kazi yake ni kuvusha kusi. Mpango wa serikali wa Inua Jamii hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wazee, mayatima na watu wenye ulemavu, kwa hiyo kulipa watu kidogokidogo tunakujua tayari.

Nyumba ambazo kaunti ilizirithi kutoka kwa mabaraza ya miji ya zamani mwaka 2013 ni hadithi nyingine, fupi. Kodi yake inaingia katika mfuko mkuu wa kaunti na hairudi kuziba paa. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inaruhusu kaunti kuanzisha mfuko maalumu bunge la kaunti likiridhia. Uanzishwe, kodi ipimwe kwa mapato ya mkaaji, na ziada ndiyo iwe mbegu ya msaada wa kusi.

Kikwazo kikubwa ni kalenda. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, shida inaanza Aprili, kwa hiyo pesa za kusi lazima zitengwe katika bajeti ya mwaka uliotangulia. Waraka wa mkakati wa fedha wa kaunti unatakiwa kufika bungeni kabla ya Februari kwisha, na maoni ya wananchi hukusanywa kabla ya hapo, asubuhi ya siku ya kazi, wapishi wakiwa jikoni na madereva wakiwa uwanja wa ndege. Nimeomba vikao vya Malindi vifanywe baada ya Isha. Sijajibiwa bado.