Mshono wa mguu baada ya upasuaji wa moyo: yanayolalamikiwa na utaratibu wake

Kwenye simu tunazopokea kutoka kwa wagonjwa waliopandikizwa mishipa ya moyo, kifua hutajwa mara chache. Wengi wanalalamikia mguu: umevimba, unatoa maji, una ganzi, na kwa nini jirani wa kitandani alishonwa kwa uzi na yeye akabanwa pini kama karatasi za ofisini.

Vena (mshipa unaorudisha damu moyoni) inayotolewa mguuni ili ipandikizwe moyoni ni ile ndefu ya juujuu, inayopita upande wa ndani wa mguu kutoka kifundoni hadi kinenani. Damu nyingi hurudi moyoni kupitia vena za ndani zaidi, hivyo mguu hauishiwi njia. Haya yalielezwa kabla ya kusaini fomu ya ridhaa, na upasuaji wenyewe unajulikana tangu kazi ya René Favaloro kule Cleveland, Marekani, mwaka 1967. Kauli ya "wameniibia mshipa" kwa kweli inatuchosha.

Kufunga mguu si kushona ngozi tu. Vena ikishatoka, panabaki uwazi ndani ya mafuta. Usipozibwa, damu na majimaji hutuama humo na bakteria hustawi. Kwa hiyo tunafunga kwa tabaka: mafuta kwanza, kwa uzi unaoyeyuka, kisha ngozi. Pajani kwenye mafuta mengi huenda ukaachwa mpira mwembamba wa kutolea majimaji, unaoondolewa baada ya siku moja au mbili. Ngozi hufungwa ama kwa uzi unaofichwa chini yake, ama kwa pini za chuma. Pini huokoa muda mezani. Uzi wa kufichwa hukuepusha na safari ya kwenda kutolewa. Tafiti zilizolinganisha njia hizi hazijaonyesha tofauti ya wazi ya maambukizi, kwa hiyo anayeeneza kwamba pini ni za wagonjwa wa msamaha anapotosha. Kinachochelewesha mshono kufunga ni sukari iliyopanda, sigara, unene na mzunguko hafifu wa damu mguuni. Ipo pia njia ya kutoa vena kwa kamera kupitia matundu madogo. Inapunguza matatizo ya mshono, ila si kila hospitali ina vifaa na wataalamu wake.

Pini kwa kawaida hutolewa kati ya siku ya 10 na ya 14, na mwenye kisukari anaweza kuongezewa siku. Si lazima urudi Dar es Salaam. Kituo cha afya kilicho karibu kinatosha, lakini uliza kwanza kama wana kifaa cha kutolea, kile kinachokunja pini katikati ili ncha zake zichomoke. Zikivutwa kwa koleo, ngozi inachanika. Nenda na fomu ya kuruhusiwa yenyewe, si picha yake kwenye simu. Muuguzi atazihesabu pini, ataandika idadi, atasaini na kugonga muhuri. Nakala moja ibaki kituoni, nyingine uje nayo kliniki. Fomu isiyo na muhuri itakurudisha kwenye foleni ya mapokezi.

Kapsuli za rangi mbili hazifunguliwi na kumwagiwa kwenye mshono. Wala majivu, wala dawa ya meno. Hili tumelisema mno. Aspirini usiiache kwa sababu bandeji ina doa la damu, kwani ndiyo inayosaidia mshipa mpya usizibe. Ongea na daktari kwanza.

Ganzi upande wa ndani wa mguu hutokana na neva inayopakana na vena, na huweza kuchukua miezi. Uvimbe wa jioni unaopungua ukiinua mguu ni wa kawaida kwa wiki kadhaa. Usaha, wekundu unaosambaa, homa au mshono kuachia, fika hospitali siku hiyo hiyo. Shavu la mguu likivimba na kuuma ghafla, au pumzi ikikata, usisubiri kliniki wala usitupigie sisi kwanza: nenda dharura.

Wa mikoani wanaorudi kwa basi, bandeji ya kuvutika ifungwe kuanzia vidoleni kupanda juu, na kila basi linaposimama, shuka utembee.