Eti wamama wa Goma wanakufa na kanseri kuliko Kongo yote? Dhana potofu na ukweli wake

Ukikaa kwenye kilio hapa Goma, iwe Katoyi iwe Himbi, haipiti muda mrefu mbele mtu aseme kama wamama wetu wanakufa na kanseri kuliko fasi ingine yote ya Kongo. Pembeni mwingine anamkatalia, eti kanseri ni ugonjwa wa wazungu, sisi huku tunauawa na malaria na vita. Wote wawili wanaongea na uhakika na hakuna hata mmoja mwenye hesabu mkononi. Jambo hili linaniuma kweli, juu hesabu njo zinaamua mashine itawekwa wapi, chanjo ifike wapi kwanza, mafaranga yaende kwa nani, na mama mwenye hakuhesabiwa hakuna mtu anapanga bajeti juu yake. Basi naandika zile nazisikia zaidi, na vile mambo yako.

Dhana: “Lopitali za Goma zimejaa wamama wa kanseri, kwa hiyo Goma njo inaongoza.”

Hapana. Lopitali kubwa inajaa juu ni kubwa. Zile za Goma zinapokea wamama wa Masisi, Rutshuru, Walikale, Nyiragongo, hata wa Minova na Idjwi wenye wanavuka ziwa na boti. Ukichukua hao wote ukawagawa kwa wamama wa mji wa Goma peke yao, lazima upate kiwango cha kutisha, na kule Masisi utapata karibu sifuri, kumbe mama ni yuleyule wa Masisi, amehesabiwa tu mahali alikufia.

Kanuni ya hii kazi popote duniani ni moja: kifo kinahesabiwa kwa mahali mtu alikuwa anaishi, si pale alifia. Sasa fungua rejista. Nimeiangalia moja kwa macho yangu, daftari kubwa la mistari, kolona ya anwani imeandikwa Goma, Goma, Goma, kutoka juu mpaka chini ya ukurasa. Mama akifika anaulizwa unakaa wapi, anajibu Ndosho, kwa mtoto wa dada yake mwenye amemfikisha, na mwuguzi ana foleni mpaka kwenye mlango, hana muda wa kuuliza mbele ya hapo ulikuwa wapi. Kwenye kolona ya umri, mistari mingi hakuna miaka, kumeandikwa tu “mtu mzima”. Simlaumu yule mwuguzi hata kidogo, kazi yake ni kutibu. Lakini mtu asichukue ukurasa ule akatuambia njo kiwango cha Goma.

Na kuna upande mwingine wenye watu wanausahau. Familia yenye ina uwezo inavuka Grande Barrière, mpaka wetu na Rwanda, inapeleka mama Kigali au Kampala kutafuta matibabu ya miale. Akifia kule, jina linabaki kwenye rejista ya kule. Kwa hiyo hesabu ya Goma inavutwa juu na wenye wanaingia, inavutwa chini na wenye wanatoka, na hakuna mwenye amepima ni upande gani una nguvu zaidi.

Dhana: “Basi hesabu vifo, linganisha na vya taifa, imekwisha.”

Ingekuwa hivyo tungekuwa tumemaliza zamani. Kiwango ni vifo gawanya kwa idadi ya wanawake, kiisha unazidisha na 100,000. Vifo ni nusu ya kazi. Nusu ingine ni kujua wanawake ni wangapi, na sensa ya mwisho ya Kongo ilifanywa mwaka 1984. Mtoto mwenye alizaliwa mwaka ule leo ni mtu wa zaidi ya miaka 40, anaweza kuwa na wajukuu. Toka pale kila idadi ya watu wa Goma unayoisikia ni makadirio, na hayalingani.

Chukua mfano wa kufikirika. Tuseme Goma wamama 60 wamekufa na kanseri fulani ndani ya mwaka. Kama mji una wanawake 400,000, kiwango ni 15 kwa 100,000. Kama wako 800,000, kiwango ni 7.5. Vifo ni vilevile 60, hakuna mama hata mmoja ameongezeka ao amepungua, lakini kwa hesabu ya kwanza unaweza kutangaza hatari kwenye redio na kwa hesabu ya pili ukaambia watu walale usingizi. Na Goma haikukaa fasi moja: tangu 2022 watu wenye wanakimbia vita walimiminika kwenye kambi za Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala, mji ukafura, kiisha mwanzoni mwa 2025 kambi zikavunjwa, watu wakatawanyika. Utagawa kwa idadi ya mwezi gani?

Dhana: “Kiwango cha taifa, hicho kiko sawa, kimehesabiwa Kinshasa.”

Hii wengi hawaijui na njo inabadilisha mambo yote. Kongo haina rejista ya kanseri yenye inafunika nchi nzima. Zile takwimu za taifa unaziona kwenye ripoti zinatoka kwenye makadirio ya GLOBOCAN, yenye inatengenezwa na shirika la kimataifa la utafiti wa kanseri la OMS (Shirika la Afya Duniani), kule Lyon, Ufaransa. Kwa nchi zenye hazina rejista ya kutosha, wataalamu wanatumia data za nchi jirani na hesabu za kitaalamu kukadiria. Ni kazi ya maana, ya watu wanaojua kazi yao, na wao wenyewe wanaandika wazi kama ni makadirio, wanaonyesha na ubora wa data ya kila nchi. Shida iko kwetu tunaosoma namba bila kusoma maelezo yake. Ukilinganisha Goma na taifa leo, unalinganisha daftari la lopitali lenye mapengo na kadirio lenye limepita kwa jirani. Tofauti utaipata, hiyo haikosi. Lakini huwezi kujua kama ni tofauti ya vifo ama ni tofauti ya namna ya kuhesabu.

Dhana: “Kanseri ni ya wazungu, angalia Ubelgiji vile iko mingi.”

Hapa kuna mambo mawili yamechanganywa. Kuna wangapi wanaugua, na kuna wangapi wanakufa. Makadirio ya 2020 yalisema kanseri ya titi Ulaya ya Magharibi inapata wanawake karibu 90 kwa 100,000 kila mwaka, na Ubelgiji kwenyewe ikapita 100. Kwa Afrika ya Kati, kanda yetu, ilikuwa karibu 33. Mtu anasoma hapo, anafunga kitabu, anasema unaona? Soma mstari wa chini yake. Vifo: Ulaya ya Magharibi karibu 16, Afrika ya Kati karibu 18. Wanaougua kwetu ni kama theluthi moja ya wale, wanaokufa wanawapita. Mimi kila nikisoma mistari hii miwili nashindwa kuelewa vile mtu anaweza kusema ugonjwa si wetu. Mama wa kule anapigwa picha ya titi mbele hata hajagusa kivimbe, wa kwetu anafika wakati titi limeshapasuka kidonda, amezunguka kwa waombezi na kwa wauza majani, ameuza mbuzi, na biopsi yenyewe, kukatwa kipande kidogo cha kivimbe kikapimwe, inaombwa dola mbele watu wamguse.

Na ile namba imeshasahihishwa kwa umri, ambayo ni lazima. Kanseri inaongezeka sana na miaka, na Kongo zaidi ya nusu ya watu hawajafika miaka 18. Ukilinganisha kavukavu nchi ya vijana na nchi ya wazee, nchi ya vijana itaonekana salama hata kama mama wa miaka 50 wa hapa ana hatari kubwa kuliko mama wa miaka 50 wa Bruxelles. Njo maana wanapima kila umri peke yake, miaka 40 mpaka 44, 45 mpaka 49, kiisha wanatumia mgawanyo mmoja wa umri kwa nchi zote. Sasa rudi kwenye rejista yetu yenye imeandikwa “mtu mzima”. Bila miaka ya mgonjwa, usahihisho huo haufanyiki, hata umlete profesa gani.

Kingine, usiseme “kanseri” kama vile ni kitu kimoja. Marekani, kanseri yenye inaua wanawake wengi zaidi ni ya mapafu, tangu 1987 ilipopita ya titi, na hiyo ilifuata sigara. Kwetu titi na shingo ya kizazi njo ziko mbele. Jumla mbili zinaweza kufanana kabisa na ndani yake hakuna kinachofanana.

Dhana: “Mwaka jana kartye yetu wamama wawili, mwaka huu watano, ni gesi ya Nyiragongo.”

Woga huu nauelewa, mtu mwenye ameona lava ya 2002 na ya 2021 hawezi kuchekwa juu ya kuogopa mlima. Lakini kutoka wawili mpaka watano kunaweza kutokea bila sababu yoyote mpya, juu namba ndogo zinaruka zenyewe mwaka kwa mwaka. Marekani kwenyewe, kwenye kila kifo kina cheti, takwimu za kanseri za kaunti kwa kaunti wanazichanganya za miaka 5, na kaunti yenye kesi hazifiki 16 hawachapishi kiwango chake, juu hakitulii na pia kinaweza kufichua mgonjwa ni nani. Sasa kartye moja ya komini ya Karisimbi na vifo vitano!

Kwa mlima wenyewe, tuseme yenye inajulikana. Mazuku inaua kwa kukosesha pumzi, ni gesi ya kaboni dioksidi yenye inakaa kwenye mabonde, haileti kivimbe. Maji yenye floridi mingi kuzunguka volkano yanaharibu meno ya watoto, hilo linaonekana kwa macho. Na kanseri ya shingo ya kizazi sababu yake inajulikana: ni virusi vya HPV, aina ya 16 na ya 18 peke yake zinaleta karibu 70 kwa mia ya kesi. Kama wale wamama watano mmoja alikuwa na titi, mmoja ini, wawili kizazi, mmoja tumbo, hizo ni magonjwa tofauti yenye njia tofauti, usitafute muuaji mmoja.

Dhana: “Kule kijijini hakuna kanseri, wanakufa na karuho.”

Mama amekonda, anatapika, tumbo limejaa maji, macho yamekuwa manjano. Familia inasema amelishwa sumu, njo hiyo karuho, jirani fulani anaangaliwa vibaya, saa ingine nyumba inachomwa. Anazikwa bila munganga kuandika kitu chochote. Inaweza kuwa ilikuwa ini, tumbo ao ovari, hakuna atajua tena. Mahali hakuna vipimo na watu wanafia nyumbani, kanseri kwenye karatasi inaonekana kidogo. Kijiji chenye sifuri mara nyingi ni kijiji chenye hakuna mwenye alipima. Iko njia ya kusaidia hata bila vipimo, kuuliza familia maswali ya mpangilio nyuma ya mazishi, dalili gani ilianza, ilichukua miezi mingapi, damu ilitoka wapi. Haipati jibu la uhakika kama biopsi, lakini inapita kunyamaza.

Dhana: “Tukikuta tuko sawa na taifa, tuko salama.”

Sawa na nini? Mwaka 2022 dunia nzima wanawake karibu 350,000 walikufa na kanseri ya shingo ya kizazi, na karibu 94 kwa mia yao walikuwa wa nchi za kipato cha chini na cha kati, kama yetu. Kuwa sawa na wastani mbaya ni kuwa vibaya. Na hii kanseri inachukua miaka 15 mpaka 20 toka virusi viingie mpaka igeuke, kwa mama mwenye kinga dhaifu miaka 5 mpaka 10, na mama mwenye VIH (virusi vya UKIMWI) hatari yake ni kama mara 6. Katika miaka yote hiyo kidonda cha mwanzo kinaonekana. Mwuguzi mwenye amefundishwa anapaka siki kwenye shingo ya kizazi, anangoja dakika moja, anaangalia kama kumebadilika rangi kuwa nyeupe, na inawezekana kutibu siku ileile. Mama wa miaka 30 mpaka 49 asingoje tujue kama Goma inapita taifa ama inapitwa, aulize santre ya afya ya karibu kama wanapima, hata kama hana maumivu. Mwenye VIH aanze na miaka 25.

Kwa wenye wanashika rejista, naomba vitu vichache: miaka ya mama, hata ya kukadiria, kanseri ilianzia wapi mwilini, tarehe, na anwani mbili. Pale amefikia, na pale alikuwa anakaa mbele vita vimhamishe.