Ada ya Ziwa Nakuru Haimlipii Flamingo: Yazingatie Haya Kabla ya Safari

Malalamiko yanayoletwa kwenye dawati la wageni siku hizi yanafanana mno. Mtu ametoka Eldoret au Kakamega alfajiri, gari limejaa watoto, amelipa, amezunguka mchana kutwa, na akifika getini jioni anauliza: flamingo wako wapi? Wapo wanaouliza kwa upole. Wapo pia wanaotaka kurudishiwa pesa, huku wakionyesha kwenye simu picha ya zamani ambayo ufuo mzima umegeuka waridi. Kwa kuwa Siku ya Ardhioevu Duniani, tarehe 2 Februari, huleta wageni wengi, na wengi wao huja kwa nia njema kabisa, ni afadhali tuelewane mapema.

Ada unayolipa ni ya kuingia katika hifadhi. Haimlipii ndege yeyote.

Ziwa Nakuru halina mto unaotoka. Njoro, Makalia na Nderit huingiza maji, jua huyavuta juu, na magadi hubaki. Katika maji hayo ya magadi humea spirulina, vijimea vya kijani vinavyoonekana kwa hadubini tu, na hivyo ndivyo chakula cha flamingo mdogo (jina la aina, si kinda). Wapo wanaodhani flamingo hula samaki; hawali, naomba tuliache hilo. Ndege anayekula samaki ni mwari (pelican), ambaye aliongezeka hapa baada ya tilapia wa maji ya magadi kuletwa ziwani katikati ya karne iliyopita ili wapunguze viluwiluwi vya mbu. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 maji yameongezeka mno. Yalimeza ofisi na lango kuu la zamani, yakaua migunga iliyokuwa ufuoni, na nje ya ua yakawafukuza watu makwao upande wa Mwariki. Maji yakizidi, magadi huzimuliwa, spirulina hupungua, na flamingo huhamia maziwa ya Bogoria, Elementaita au kwingineko. Mazalio yao makuu yako Ziwa Natron, Tanzania. Hurudi hali ikiwafaa. Hakuna afisa awezaye kukuahidi wiki yao.

Hata hivyo hifadhi hii ina aina zaidi ya 400 za ndege. Ilianza kama hifadhi ya ndege mwaka 1960, ikawa mbuga ya taifa mwaka 1968, ikawa eneo la kwanza la Kenya kuorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, mwaka 1990, na tangu 2011 imo katika Urithi wa Dunia pamoja na Bogoria na Elementaita. Kati ya Oktoba na Machi utawakuta pia ndege waliokimbia baridi ya Ulaya na Asia. Anayekuja na darubini, akaegesha gari mahali pamoja na kuzima injini kwa nusu saa, huondoka na orodha ndefu. Anayezunguka ziwa kwa kasi akitafuta rangi moja tu hurudi na vumbi.

Sasa malipo, maana hapo ndipo asubuhi nyingi huharibikia. Malipo yote hufanywa kupitia eCitizen, mfumo wa serikali wa huduma na malipo mtandaoni. Pesa taslimu hazipokelewi, na askari wa getini hana mamlaka ya kujadiliana nawe kuhusu hilo. Fungua akaunti ukiwa nyumbani. Chagua hifadhi, kisha tarehe, kisha kundi la kila mtu: raia, mkaazi au mgeni wa kutoka nje, mtu mzima au mtoto. Ukimlipia rafiki yako mgeni kwa kiwango cha raia, tofauti utaiongeza pale pale langoni, na foleni yote nyuma yako itangoja. Raia aje na kitambulisho chake. Gari hulipiwa kando, kwa kuhesabu viti vyake na si watu waliomo: matatu ya viti 14 iliyobeba watu watatu bado ni matatu ya viti 14. Viwango hubadilika kanuni zinapobadilika, kwa hivyo visome kwenye mfumo wenyewe siku unayolipa. Bango lililosambazwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo si waraka wa serikali. Shule na vikundi vilete maombi mapema, kwa barua yenye muhuri inayotaja idadi ya wanafunzi na walimu. Mwalimu anayepiga simu basi likiwa tayari limefika Lanet anatuweka sote pabaya.

Ndani ya hifadhi, mwendo usizidi kilomita 40 kwa saa. Kaa angalau mita 20 kutoka kwa mnyama, na usitoke barabarani. Kushuka kwenye gari kunaruhusiwa mahali palipotengwa tu, kama vile Baboon Cliff, maporomoko ya Makalia na sehemu za mandari zenye alama. Kuna hoja tunayoisikia kila wikendi: “Zamani tulikuwa tunashuka pale ufuoni na kutembea.” Ni kweli, zamani ufuo ulikuwa wazi na mtu aliona mbali. Leo maji yameingia msituni. Hifadhi imezungushiwa ua pande zote, na kila ekari inayomezwa na ziwa huwasukuma nyati, vifaru na simba wasogee karibu zaidi na barabara uliyomo. Kichaka unachotaka kujisaidia nyuma yake huenda kina mwenyewe.

Nyani wa Baboon Cliff nao wameharibiwa na sisi wenyewe. Aliyemrushia nyani ndizi mwaka jana ndiye aliyemfundisha kufungua mlango wa gari lako mwaka huu. Funga madirisha, ficha chakula, na usimlishe hata mmoja.

Lakini linalonikera zaidi, na ambalo wengi hawalioni kuwa kosa, ni kuwakurupusha ndege ili wapigwe picha wakiruka. Watu hupiga honi, hupiga makofi, wengine hurusha mawe majini. Flamingo mdogo hula kwa kichwa kilichopinduliwa, akichuja maji mengi kwa ulimi na mdomo ili apate vijimea hivyo vidogo. Hiyo ni kazi ya saa nyingi kila siku. Ukimrusha hewani, umemkatiza chakula na kumtumisha nguvu alizozipata kwa shida, na huenda gari la nyuma yako likamfanyia vivyo hivyo. Kwa ndege anayejiandaa kuruka usiku kucha hadi ziwa jingine, hasara hiyo si ndogo.

Kuna na la simu. Programu za kutambua ndege kwa sauti zinasaidia sana, zitumieni kusikiliza. Msizitumie kuwachezea ndege sauti za wenzao. Dume akisikia mlio wa dume mwenzake katika eneo lake hudhani amevamiwa. Ataacha kiota au chakula, ataruka huku na huko akimtafuta adui asiyekuwepo, nawe utafurahi kwamba “amekuja.” Waongozaji wachache hufanya hivyo ili kumridhisha mteja. Mteja anaweza kukataa.

Droni hairushwi bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga na cha Shirika la Wanyamapori Kenya (KWS), vyote viwili. Kusema “ni ndogo tu” hakubadilishi chochote. Mbwa na mifugo mingine hawaingii.

Kuhusu plastiki: tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumiwa mara moja zimepigwa marufuku katika maeneo yote yaliyohifadhiwa. Chupa za maji za dukani, vikombe, sahani, vijiko na mirija vyote vimo. Mifuko ya kubebea ilikwisha kupigwa marufuku nchi nzima tarehe 28 Agosti 2017, na adhabu yake ni faini ya shilingi milioni 2 hadi milioni 4, au kifungo cha mwaka 1 hadi 4, au vyote viwili. Njoo na chupa ya kujaza tena. Kumbuka pia kwamba ziwa lisilo na njia ya kutoka halina pa kupeleka taka. Kinachobebwa na mvua kutoka mitaro ya mjini hadi ziwani hukaa humo, na hili linawahusu hata wakazi wa Nakuru wasiowahi kupita getini.

Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 ni ndefu, nami nitataja machache tu. Kuingia katika mbuga kinyume cha sheria, au kuwasha moto unaochoma mimea yake, kunaweza kukuletea faini isiyopungua shilingi 200,000, au kifungo kisichopungua miaka 2, au vyote viwili. Kuchafua makazi ya wanyamapori: faini isiyopungua shilingi milioni 2, au kifungo kisichopungua miaka 5, au vyote viwili. Tazama neno “isiyopungua.” Hicho ni kiwango cha chini. Na unyoya uliouokota chini, hata ukiwa mmoja na mzuri wa kuchomeka kwenye kofia, kisheria ni nyara. Uache hapo ulipo. Mara nyingi tunaanza kwa kuonya na kuelekeza, lakini uamuzi hutegemea kosa lenyewe, na onyo si haki ya mtu.

Wanaotaka hasa kutembea kwa miguu nawashauri waende kwingine. Saiwa, karibu na Kitale, ni mbuga ndogo ya kinamasi iliyoanzishwa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe (sitatunga), swala anayeishi kinamasini, na humo watu hutembea na kupanda majukwaa ya mbao ya kutazamia. Kisumu kuna kinamasi cha Dunga, ambako waongozaji wa kijiji hukuonyesha ndege wa mafunjo ambao Nakuru huwezi kuwapata. Huko darubini na viatu visivyoogopa tope vinatosha.

Mwisho, saa. Magari ya wageni huingia kuanzia saa 12 asubuhi, na asiyelala ndani awe ametoka kufikia saa 12 jioni. Makalia iko kusini kabisa na Lango Kuu liko kaskazini, na baadhi ya njia za zamani za ufuoni sasa ziko chini ya maji, kwa hivyo safari ya kurudi ni ndefu kuliko ramani yako ya zamani inavyoonyesha. Ukikuta kizuizi barabarani usikizunguke kwa kupita majanini. Geuza, utokee lango la Nderit au la Lanet, lolote lililo karibu nawe zaidi.