Mfumo wa uhasibu wa kidijitali: unaokoa muda wapi hasa?

Wengi wakisikia mfumo wa uhasibu wa kidijitali hufikiria kompyuta inayojumlisha haraka. Kujumlisha ni kazi ndogo. Hata kikokotoo cha dukani kinaiweza. Maana ya mfumo huu ni kwamba tukio la fedha linaandikwa mara moja tu, halafu programu yenyewe inalipeleka kila leja, yaani kitabu cha hesabu, inayohusika.

Chukua chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku huko Urambo, Tabora. Mkulima alikopeshwa mbolea mwanzoni mwa msimu. Siku ya soko tumbaku yake inapimwa, inapewa daraja, deni linakatwa, ndipo anabakiziwa chake. Kwa madaftari, karani ananakili tarakimu zilezile kwenye kitabu cha mizani, leja ya mkulima, leja ya mikopo, kisha daftari la fedha. Akichoka, 68,000 inageuka 86,000 upande mmoja, na urari, yaani ulinganisho wa jumla za pande mbili za hesabu, unagoma. Wahasibu wa zamani wana ujanja wao hapo: tofauti ikigawanyika kwa 9, shuku tarakimu zilizopishana. Hapa tofauti ni 18,000. Hata hivyo, kuisaka ndani ya leja kunaweza kula siku nzima.

Mfumo unaondoa huko kunakili. Kanuni ni ileile ya debiti na krediti, ya kuandika kila tukio pande mbili, ambayo mwanahisabati wa Italia Luca Pacioli aliichapisha Venice mwaka 1494, ila sasa ingizo lisilolingana pande zote mbili linakataliwa hapohapo. Mkulima akiuliza deni lake, anajibiwa akiwa bado amesimama dirishani. Taarifa ya mwezi haisubiri tena karani akeshe.

Lakini karani akikosea pale mwanzo, 86,000 inasambaa kote, pande zote zinalingana, na urari unatulia kabisa. Ile dalili ya 9 haipo tena. Ndiyo maana stakabadhi ya mizani haitupwi, na anayeilinganisha na mfumo asiwe yule yule aliyeingiza.

Vyama vingine huendelea na madaftari na kompyuta sambamba mwaka hadi mwaka, eti kwa usalama. Miezi michache ya majaribio sawa. Zaidi ya hapo ni kazi ileile mara mbili, na gharama ya programu juu.

Kuna na nywila. Karani, mhasibu na katibu wakitumia moja, mfumo utaonyesha saa na dakika ya kila ingizo, lakini jina litakuwa lilelile kwa wote watatu.